Meno Nayo Ni ya Mgonjwa
Mazungumzo ya Kamati ya Afya mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka

 

Leo Kamati ya Afya haikuja kuhesabu franga. Hesabu mtaipata kwa mweka hazina. Sisi tumesimama hapa kusema kosa moja tulilolifanya, kuwaeleza lilitokea namna gani, na kuwaomba tubadilishe kanuni yetu ili lisirudi.

Mnakumbuka tulivyoanza. Tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, wengine 2005, wengine miaka iliyofuata. Wa Lugufu walirudi kambi yao ikielekea kufungwa mwaka 2009. Tulipofika tuliona hakuna wa kutubeba isipokuwa sisi wenyewe, njo tukaanzisha mfuko wa kusaidiana. Katika kanuni tuliandika mambo matatu ambayo mfuko utalipia: ugonjwa mkubwa, kujifungua kwa shida, na msiba. Meno hatukuyaandika. Wakati ule nani alikuwa anafikiri meno?

Sasa kuna mama mmoja mwenzetu. Ameketi hapa kati yetu, na ametupa ruhusa ya kusema habari yake. Jina tu alituomba tuliache. Miaka mitatu iliyopita alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Ikaonekana ni kansa. Mfuko ulimlipia nauli ya kuvuka ziwa, akapasuliwa, akawekewa dawa za mshipani za kuua kansa, na mwishoni akapewa vidonge vya kunywa kila siku kwa miaka 5. Juu vidonge hivyo vinaweza kupunguza nguvu ya mifupa, akaandikiwa pia sindano ya kulinda mifupa, moja kila miezi 6. Aliporudi tulimpokea kwa nyimbo. Tulisema: huyu amepona, kazi yetu imekwisha.

Mwaka wa pili mdomo wake ulianza kumsumbua. Usiku ulikuwa unakauka mpaka ulimi unanata juu. Ugali haukuteremka bila maji. Fizi zilitoka damu, na jino moja la nyuma, la chini, likaanza kucheza. Alileta kwetu karatasi ya kuomba franga za kwenda kwa munganga wa meno mjini. Tuliisoma, tukafungua kanuni, tukamjibu: "Mama, meno si kansa. Mfuko haulipii meno."

Alikunja karatasi yake, akaenda kwa mtu anayeng'oa meno kwa bei ndogo. Pale hakuulizwa anakunywa dawa gani, wala kama amepigwa sindano yoyote. Yeye naye hakujua kwamba ilipasa kusema. Jino likatoka siku hiyohiyo. Lakini wiki 10 baadaye shimo lilikuwa bado wazi, na ndani yake alikuwa anaona kitu kigumu cha rangi ya manjano. Ulikuwa mfupa wa taya lake. Harufu ilimfanya akae mbali na watu. Hata kanisani alihamia benchi la nyuma. Jirani akamwambia: "Ni vile vidonge, yaya. Vinakuozesha. Uache." Akaacha. Alikaa miezi 4 bila kumwambia mtu.

Wandugu, tupime jambo hili. Tulitoa franga nyingi juu ya upasuaji na safari. Kisha tukakataa franga ya jino moja. Na kwa sababu ya jino hilo, dawa inayozuia kansa isirudi ilikaa miezi 4 kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Baada ya hapo tuliwauliza waganga, na tukajifunza. Tutawaeleza kwa maneno mepesi.

Kansa ya matiti si jambo la wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo duniani, na watu 670,000 walikufa kwa ajili yake. Zaidi ya nusu ya kansa hizi zinapata nguvu kutoka kwa homoni ya mwanamke inayoitwa estrojeni. Ni kama moto unaopata kuni. Ukiondoa kuni, moto unapungua. Dawa ya kwanza ya kuondoa kuni hizo inaitwa tamoksifeni: inaziba mlango ambao estrojeni inapita kuingia kwenye kansa. Kuna nyingine, kama anastrozoli na letrozoli, ambazo wanapewa hasa wamama waliokoma hedhi. Hizo zinazuia mwili usitengeneze estrojeni. Mama mwenzetu alipewa anastrozoli.

Sikieni vizuri hapa. Kwa kansa ya namna hii, mama anayekunywa tamoksifeni miaka 5, hatari yake ya kufa kwa kansa hiyo inapungua kwa karibu theluthi moja. Na faida hiyo inaendelea miaka mingi hata akiwa amemaliza vidonge. Kwa hiyo mtu anayekwambia uache vidonge hivi sababu ya mdomo kukauka, hata kama anakupenda, anakupeleka pabaya.

Lakini mama aliyelalamika hakusema uongo. Estrojeni inafanya kazi hata mdomoni. Fizi, ngozi ya ndani ya mdomo na sehemu zinazotoa mate zinaitumia. Ikipungua, mama anaweza kupata mdomo mkavu, ulimi unaowaka sawa umekula pilipili, chakula kukosa ladha, au fizi kuvimba na kutoka damu. Na dawa zile za jamii ya anastrozoli zinaweza kupunguza uzito wa mifupa ya mwili, na taya ni mfupa kama mingine. Fizi ikiwa mgonjwa na mfupa ukiwa dhaifu, jino linacheza.

Kukauka kwa mate tusikudharau. Mate yanasafisha mdomo, yanapunguza makali ya asidi, na yanarudishia jino madini yake. Mate yakikosekana, meno yanaoza haraka, zaidi pale chini karibu na fizi ambapo hatuangaliaka.

Si kila mama anapata haya. Wengi wanamaliza miaka yao 5 na meno yao yote. Na si kila jino linalouma ni la dawa. Kuna uzee, kuna kisukari, kuna tumbako, kuna chai yenye sukari vijiko vitano. Tunachosema ni kwamba mama anayekunywa vidonge hivi inapasa mdomo wake uangaliwe kuliko wa wengine.

Sasa habari ya sindano, maana hapo njo penye hatari kubwa. Dawa ya mama mwenzetu inaitwa asidi ya zoledroni. Kuna nyingine za kazi hiyo, hata za kidonge. Ni dawa nzuri: inazuia mifupa isivunjike, na kwa wale ambao kansa imefika kwenye mifupa inawapunguzia maumivu. Inafanya hivyo kwa kupunguza kazi ya chembe zinazobomoa mfupa wa zamani. Lakini mfupa, ili ujirekebishe, unahitaji kubomolewa kidogo na kujengwa tena. Taya linajijenga upya haraka kuliko mifupa mingine, juu kila tukitafuna linasukumwa. Ukiling'oa jino wakati kazi hiyo imepunguzwa, mara chache kidonda kinakataa kufunga, na mfupa ulio wazi unakufa. Waganga walianza kuandika habari za kidonda hiki mwaka 2003. Wanasema mfupa wa taya ukikaa wazi zaidi ya wiki 8 kwa mtu aliyepata dawa hizo, na taya lake halijawahi kuchomwa kwa mionzi, basi ni ugonjwa huo.

Wengi wanaopigwa sindano hii hawaupati. Lakini ukimpata mtu, unamsumbua miezi mingi, na mara nyingi mlango wake ni jino lililong'olewa. Kwa hiyo kanuni ya waganga ni rahisi: mdomo uangaliwe kabla ya sindano ya kwanza. Jino bovu linalopasa kutoka litoke kwanza, kidonda kifunge kwa wiki kadhaa, kisha sindano ianze. Kama sisi tungelijua hilo mwaka ule, franga ya kuangalia mdomo ingelikuwa sehemu ndogo sana ya nauli tuliyolipa.

Mama mwenzetu anaendeleaje? Alipotufungukia, tulimpeleka kwa waganga wa taya. Walimsafisha, wakampa dawa ya vijidudu na ya kusukutua yenye klorheksidini. Kipande kidogo cha mfupa uliokufa kilitoka, na nyama inafunika polepole. Sindano wameisimamisha kwanza. Vidonge amerudia, na sasa anavihesabu kila asubuhi mbele ya mjukuu wake.

Sasa tuseme mambo ya kufanya nyumbani, maana kuzuia ni kazi yetu wenyewe.

Kwanza, mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usiukose. Mswaki uwe laini. Dawa ya meno iwe na floraidi. Kwenye tyubu utaona namba, na nzuri ni kati ya 1000 na 1500. Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ikae kwenye meno usiku. Mwenye kutumia kijiti cha mti aendelee, ila akilainishe vizuri na atumie pamoja na dawa ya meno. Mkaa na chumvi ya mawe hapana: vinakwangua jino na kuumiza fizi.

Pili, maji. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, na weka kikombe karibu na kitanda. Kusukutua kwa maji yaliyochemshwa, ya uvuguvugu, yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa glasi moja, kunasaidia fizi zinazouma. Wamama wengine wakikaukiwa wananyonya ndimu au peremende siku nzima. Ndimu ina asidi inayokula jino, na peremende ni sukari. Bora maji. Pombe kali kama lutuku, tumbako na ugoro vinakausha mdomo na kuharibu fizi zaidi.

Tatu, chakula cha mifupa kiko hapahapa. Ndagala, wale tulikuwa tunawaita dagaa kule Tanzania, waliwe na mifupa yao. Sombe na lenga-lenga pia. Kama mdomo unawaka, pilipili ipumzike, na ugali uliwe na mchuzi mwingi.

Nne, wenye meno ya bandia wayatoe usiku na kuyasafisha. Yakianza kukwaruza, usivumilie. Kidonda kidogo cha kukwaruzwa kinaweza kufungua njia ileile ya jino lililong'olewa.

Tano, na hili tulishike sote. Mbele ya yeyote anayetaka kugusa meno yako, sema maneno haya kabla hujafungua mdomo: "Nilipata kansa ya titi. Ninakunywa vidonge vya homoni. Nimepigwa sindano ya mifupa, ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Kama aliye mbele yako hajui maana ya maneno hayo, inuka uondoke kwa heshima. Na kwa munganga wa kansa vilevile: mwambie habari za mdomo wako, usingoje akuulize. Anaweza kukubadilishia dawa na kukupa ya jamii nyingine. Kubadilisha ni kazi yake. Kuacha peke yako kimyakimya, hapana.

Kuna maswali mnatuulizaka nje ya mkutano, tuyajibu hapa.

Mmoja aliuliza: "Mimi ninakunywa tamoksifeni tu, sijapigwa sindano. Taya langu litaoza?" Hapana. Kidonda kile tulichoeleza kinatokana na dawa za mifupa. Vidonge vya homoni peke yake havikileti. Wewe angalia mate, fizi na kuoza kwa meno.

Mwingine aliuliza: "Nimekwisha kupigwa sindano, na jino linaniuma sana. Nikae nalo?" Usikae nalo. Jino lenye usaha nalo linaharibu taya. Nenda kwa munganga wa meno anayejua habari hizi. Mara nyingi atajaribu kuliziba au kulitibu mzizi likiwa ndani. Kama lazima litoke, atalitoa kwa uangalifu, na dawa, na kukufuata mpaka pafunge. Ukipona usiseme yamekwisha. Rudi uangaliwe kila miezi 6.

Na mzee mmoja alicheka akasema haya ni mambo ya wamama. Mzee wetu, tunakuheshimu, lakini katika wagonjwa wa kansa ya matiti kuna wanaume pia, wachache, karibu mmoja katika mia. Nao wanapewa tamoksifeni. Tena, yule anayepika, anayelima na kuuza ndagala za nyumba yako ni nani? Akikaa na maumivu ya mdomo, nyumba nzima inakaa na njaa.

Sasa maombi yetu kwa mkutano. Ni matatu.

La kwanza: katika kanuni, mbele ya neno "ugonjwa mkubwa", tuongeze kwamba kutibiwa mdomo ni sehemu ya kutibiwa kansa. Mwanachama yeyote ambaye mfuko unamsaidia kwa kansa, alipiwe kuangaliwa mdomo kabla ya sindano ya mifupa, na kila miezi 6 wakati wa matibabu.

La pili: kila mgonjwa apewe kadi ndogo ya karatasi ngumu, yenye jina la dawa yake, tarehe aliyoanza na tarehe ya sindano ya mwisho. Wengine wetu hatusomi sana. Kadi itasema kwa niaba yetu. Vijana wetu wanaweza kuziandika kwa mkono wakati wowote.

La tatu: wamama wawili katika kila kijiji wapewe kazi ya kutembelea wagonjwa hawa mara moja kwa mwezi. Wasiende kuhesabu vidonge kama polisi. Wakae, wale pamoja, waulize: "Mama, mdomo unaendeleaje? Unakula? Unalala?" Mwenzetu alificha miezi 4 kwa sababu sisi tulimfungia mlango. Mtu aliyefungiwa mlango mara moja hapigi hodi ya pili.

Na kwenu marafiki mnaosoma jarida hili mkiwa mbali. Mnapotutumia msaada mara nyingi mnaandika: "Kwa upasuaji." Tunawashukuru, kuna watu wako hai juu ya neno hilo. Tunaomba mturuhusu kutoa sehemu ndogo ya msaada huo kwa mswaki, dawa ya meno, nauli ya kwenda kwa munganga wa meno na malipo yake. Haileti picha nzuri ya kuonyesha. Hakuna atakayepigwa picha akiwa ameshika tyubu ya dawa ya meno na watu wakalia. Lakini upasuaji unaondoa uvimbe siku moja, na vidonge vinapasa kunywewa miaka 5, wengine hata 10. Katika miaka hiyo yote mgonjwa anapasa kula, kulala na kukaa na watu. Mdomo ukimshinda, vidonge navyo vitamshinda.

Mwisho, kuna neno moja tunamwambia mama mwenzetu mbele yenu wote. Mama, ulileta karatasi yako kwetu na tukairudisha. Uliyoandika yalikuwa kweli, na kanuni yetu ilikuwa fupi. Utusamehe. Karatasi ile tumeitafuta, tumeipata kwenye faili, na leo tumeileta hapa mezani iwe ya kwanza kusomwa chini ya kanuni mpya, kama mkutano utakubali.

Tunaomba mwenyekiti afungue majadiliano, kisha tupige kura kwa kuinua mikono.